Kiinua Mgongo

Miaka thelathini na moja nilihesabu vya watu
kwenye ghala la Shimanzi: magunia, mapipa,
misumari kwa kilo.
Siku ya kuagwa nikapewa saa ya ukutani na hundi,
na hundi ile, kwa jina lake la ofisini,
ni kiinua mgongo.

Nikanunua kigari.
Cheupe, kidogo, chaingia hata uchochoro wa Mtongwe
ukikunja masikio yake.
Muuzaji, Twalibu, akakipapasa kama mbuzi wa Idi:
"Hiki hakinywi mafuta, mzee. Hiki kinadonoa tu,
kama shomoro kwenye ungo."
Kweli. Petroli kinadonoa.
Pesa ndizo kinazomeza.

Mwezi wa kwanza, bushi.
Sikujua gari lina bushi. Nilidhani lina injini,
magurudumu na honi, basi.
Fundi Chengo ana gereji yake Shika Adabu
(jina la mahali lilitosha kuwa onyo)
akaingia uvunguni kwa mgongo, akatoka
na kipande cha mpira kimeraruka
mfano wa ndara ya mtoto.
"Elfu tatu na mia tano. Ufundi mbali."
Mbali kweli, ufundi.
Bei ya kipuri husemwa kwa sauti,
ya ufundi hunong'onwa
wakati umeshashika pochi.

Mwezi wa pili, mkanda wa feni.
Wa tatu, hakuna. Tukachinja kuku.

Wa nne kikachemka kwenye foleni ya feri, Likoni,
mvuke wapanda, nyuma yangu honi kama arusi,
na wapita kwa miguu wote wakanitolea pole
zisizo na bei.
Tukangoja kipoe. Kijana akaniuzia maji, chupa sita,
nikammiminia mgonjwa moja baada ya moja.
Kigari changu kikanywa maji ya chupa
mimi nyumbani nanywa ya mtungi.

Halafu chumvi. Chumvi haina risiti.
Yaja usiku na upepo, haibishi hodi,
yalamba chini ya milango.
Asubuhi napitisha kidole ukingoni
chatoka na rangi ya hina,
bibi arusi nisiyemuoa.
"Bahari hino yataka kodi," asema Chengo,
naye ndiye mkusanyaji.

Mazoea ya ghalani hayaniachi: nina daftari.
Kushoto, Vilivyoingia. Kulia, Vilivyotoka.
Kulia nimefika ukurasa wa kumi na moja,
shoki, plagi, bima, betri, pancha, pancha,
balbu ya taa iliyoungua siku niliyosimamishwa na askari.
Kushoto mstari mmoja tu:
kigari, kimoja, kikuukuu.

Juzi nikalifungua daftari nikakuta mwandiko si wangu.
Penseli. Mishi, mke wangu, kushoto:

Nazi mia kutoka Ng'ombeni, hazikupanda kichwani mwa mtu.
Miguu yangu kliniki, mara sita, nimeketi.
Usiku wa mvua, binti ya jirani na uchungu wake.
Walirudi wawili.
Kumcheka mume wangu akisukuma, Jumamosi zote.

Hakuandika bei.
Nikaichukua kalamu niziweke mwenyewe, karani mimi,
nikakaa hata chai ikapoa,
sikujua usiku wa mvua huuzwa kwa kilo
au kwa gunia.

Asubuhi hii kuna mlio mpya.
Nyuma, upande wa kushoto,
kama mtu atafunaye barafu kwa siri.
Chengo, kwenye simu, kacheka kidogo, kisha kanyamaza,
na kimya cha fundi nakijua sasa
ni cha shilingi ngapi.

Nimetandika gunia chini, nimevua kofia.
Jirani apita, aniuliza kiinua mgongo vipi.
Namjibu nikiwa huku huku chini,
nimeinama.